Maji ya Tangi la Tatu

Juu ya sinki ya maabara ya karakana palibandikwa karatasi yenye maandishi mekundu: CHUPA ISIYO NA LEBO NI TAKATAKA. IMWAGWE. Kitinda aliiandika sheria hiyo kwa mkono wake wiki ya kwanza aliyoajiriwa, na aliipenda kama wengine wanavyopenda picha ya harusi yao. Alikuwa mwanamke wa usafi kupita kiasi. Kalamu zake zililala sambamba mezani, koti lake jeupe halikujua doa, na ukimgusia mizani yake bila ruhusa ulikuwa umejitafutia maneno ya wiki nzima. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya ulikuja baadaye, na ulipitia kwenye sheria hiyohiyo.

Jina la Kitinda alilipata nyumbani kwa kuwa ndiye kitindamimba. Karakana nzima ililidaka kwa sababu dada yake alikuwa akimwita hivyo mbele za watu, bila kujali koti jeupe wala shahada iliyoning'inia ukutani. Dada mtu alimzidi miaka minane. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa na miaka minne, na kuanzia siku hiyo dada ndiye aliyemwogesha, akamfunga kamba za viatu, akamchapa alipostahili. Ndiye pia aliyeacha shule darasa la nne, akaenda kuchovya chuma kwenye tindikali, ili mdogo wake asome mpaka shule zenyewe ziishe. Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi hiyo watu walimwita Mama Tindikali. Vidole vyake vilikuwa na mabaka ya rangi ya chai, na herufi alizozikumbuka zilikuwa chache.

Karakana yenyewe ilikuwa ya kupaka chuma zinki. Bolti zilikuja na kutu, zikaingia kwenye tangi la tindikali kuvuliwa kutu hiyo, zikasuuzwa, zikapakwa zinki kwa umeme, kisha zikaokwa tanurini saa nne kamili. Mgeni alipoona bolti zinaokwa kama mikate alicheka, na Mama Tindikali alimwacha acheke kwanza ndipo amweleze. Nasi inabidi tuelezane, maana bila jambo hili hadithi haina miguu.

Tindikali inapokula kutu na kugusa chuma, huzaa haidrojeni, hewa nyepesi kuliko zote. Chembe zake huzaliwa mojamoja, na zikikutana mbilimbili hushikana na kupanda juu kama povu, zikaenda zao. Chembe ambayo haijapata mwenzake ni ndogo kiasi kwamba hupenya ndani ya chuma chenyewe. Humo hukaa kimya. Chuma hakibadiliki rangi wala uzito, kinang'aa vizuri, mpaka siku kinapofungwa na kubebeshwa mzigo. Kinashika siku moja, kinashika mbili, halafu kinakatika chenyewe kama kijiti kikavu, hata bila kuguswa. Tanuri ni la kuifukuza haidrojeni hiyo itoke kabla haijaleta balaa. Kitinda alipowafundisha wafanyakazi alisema chembe hizo ni kama makapera, zikioana zinatulia na kuhama, zisipooana zinaingia nyumba za watu. Watu walicheka wakaelewa, na dada yake alicheka kuliko wote, akajigamba kwamba huyo ndiye aliyemlea yeye.

Mambo yaliharibika mwaka ambao bomba la mji lilikauka. Meneja, mtu mwenye haraka kama aliyeacha maziwa jikoni, alileta mashine ikachimba kisima kirefu nyuma ya stoo. Maji yakapatikana, meupe, mengi. Tangi la tatu, ambalo ndilo la bolti ngumu za kubebea mizigo, likamwagwa na kujazwa upya kwa tindikali iliyochanganywa na maji ya kisima.

Siku ya tatu Mama Tindikali alipanda ngazi kwenda maabara, buti zake za mpira zikiacha alama kwenye sakafu iliyokuwa imepigwa deki sasa hivi. Kitinda alitazama alama hizo kabla ya kumtazama dada yake.

"Kitinda, yale maji siyapendi," Mama Tindikali alisema. "Yananuka yai viza. Si sana, lakini yananuka."

"Visima vingi vinanuka hivyo, Dada. Yanakuwa na chumvichumvi za ardhini tu."

"Na povu limepungua. Tindikali ile ile, kutu ile ile, bolti zile zile, povu nusu. Sasa ile hewa nyingine inakwenda wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika chumba kile, na liliulizwa na mtu wa darasa la nne. Kitinda alikuwa na ripoti tatu za kumaliza kabla ya saa sita. Akajibu, "Labda inakwenda polepole kwa sababu ya baridi."

"Baridi gani? Jasho hili unaliona?" Dada akatoa mfukoni mwa aproni chupa ya kahawia iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kifuniko kimezibwa kwa nta ya mshumaa. "Nimechota kisimani mwenyewe. Nimejaza pomoni ili ile harufu isipate pa kutokea. Fanya jaribio lako kwa maji haya, si kwa hayo yako ya kwenye pipa la plastiki."

"Nitafanya jaribio, Dada. Usiwe na wasiwasi."

"Kwa maji haya."

"Nimekusikia."

Kusikia alisikia. Akaiweka chupa kwenye rafu, akafuta alama za buti, akaendelea na ripoti.

Jaribio alilifanya, tena kwa uangalifu wote. Alichukua bolti nne, akazichonga mfuo mwembamba shingoni, akazichovya kwenye tindikali aliyoichanganya mwenyewe ndani ya jagi la kioo. Akazipaka zinki, akazioka, kisha akazifunga kwenye fremu na kuzibebesha uzito. Sheria ni kwamba zikishika saa mia mbili bila kukatika, yaani siku nane na saa nane, mambo ni salama. Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa ambalo mtu mchafu asingelifanya kamwe. Tindikali ya kwenye jagi aliichanganya na maji ya maabara, yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, yasiyo na chumvi hata punje. Alifundishwa hivyo shuleni. Maji yenye vitu visivyojulikana huharibu majibu, na yeye alitaka majibu safi.

Akayapata. Saa mia mbili zilipita na bolti zote nne zikiwa zimesimama. Jumatatu asubuhi alipiga muhuri, akatia saini, akashuka kumwambia dada yake kwamba limefaulu.

"Kwa maji yale?" Mama Tindikali aliuliza.

"Limefaulu, Dada. Amini vipimo."

Hakujibu swali, na dada yake aliona kwamba hakujibu. Lakini winchi ilikuwa inapiga kelele, bolti zilikuwa zinasubiri, na Mama Tindikali aliinua mikono akavaa glavu zake. Alasiri ya siku hiyo Kitinda alifanya usafi wa rafu. Akakuta chupa ya kahawia haina lebo. Alijua ni ya nani na ina nini, hakusahau. Alisimama nayo kidogo mbele ya sinki, chini ya maandishi yake mekundu, akajiambia jaribio limekwisha na sheria ni sheria. Akabandua nta kwa ukucha, akamwaga. Harufu ya yai viza ilipanda, akafungua dirisha.

Wiki tatu baadaye bolti mbili zilizoshikilia winchi ya ghala moja la magunia zilikatika. Zilikuwa zimefungwa siku mbili kabla, na saa hiyo hakuna aliyekuwa amezigusa. Mzigo ulianguka ukamvunja mpagazi mmoja mguu, vibaya, akabaki wa kutembelea gongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema, ila hawakutuambia kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mtu asiyehusika kabisa.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja. Walikuwa wanne: Meneja, mwenye ghala, na dada wawili waliokaa pande mbili za meza. Bolti zilizokatika zililala katikati, juu ya gazeti.

"Bi Maabara," Meneja alisema, "tindikali yetu ina kosa?"

"Kwa jaribio langu, haina."

"Saa mia mbili?"

"Zilitimia."

"Basi limebaki tanuri." Meneja akamgeukia Mama Tindikali. "Mama, ulizioka saa ngapi?"

"Saa nne, kama siku zote. Nimeandika kwa chaki ukutani."

"Chaki ameandika nani?"

"Mimi."

"Ndiyo hapo," alisema mwenye ghala. "Mwizi hawekwi kuwa shahidi wake."

Neno hilo la mwizi lilikaa pale mezani na hakuna aliyeliondoa. Meneja akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Mama Tindikali alimtazama mdogo wake, wala si kwa hasira. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani mlangoni mwa shule, akingoja mtoto akumbuke mwenyewe alichosahau. Kitinda aliyaona macho hayo. Alijua sentensi iliyotakiwa, ilikuwa imeshafika kooni. Alijua pia kwamba ikitoka, saini itakayoulizwa ni yake, na koti litakalovuliwa ni lake. Akaitazama meza. Mbao zake zilikuwa na mstari mmoja mrefu, akaufuata mstari huo mpaka mwisho wake.

Mama Tindikali alifukuzwa siku hiyohiyo. Aliacha buti chini ya ngazi.

Miezi miwili baadaye bomba la mji lilirudi, kisima kikazibwa kwa saruji, na tangi la tatu likajazwa maji ya zamani. Hakuna bolti nyingine iliyokatika. Watu walisema, mnaona, tangu yule mama aondoke. Kitinda aliwasikia kila mara, na kila mara alikuwa na shughuli ya haraka mahali pengine.

Nyumbani hawakugombana, na afadhali wangegombana. Dada aliendelea kutuma salamu kupitia kwa binti wa Kitinda, aliyekwenda kwa mama yake mkubwa kila Jumamosi kumsaidia kazi. Dada sasa alikuwa anafua nguo za watu. Binti akirudi alisema Mama Mkubwa anakusalimia, na Kitinda alisema zimefika, wakaendelea kula. Yeye mwenyewe alikwenda mara chache, akabeba vitu vingi mikononi ili apate la kuzungumzia. Tusimlaumu sana. Kujilaumu alijilaumu mwenyewe, ila alijilaumu kimyakimya, na lawama ya kimyakimya haimfai mtu mwingine yeyote.

Mwezi wa kumi na nne tangu kikao kile ililetwa kazi iliyohitaji kopo la chumvi moja ya salfa. Kitinda alifungua kopo, na harufu iliyotoka ilikuwa ileile ya siku ya sinki. Alisimama na kijiko mkononi. Swali la dada yake likamrudia neno kwa neno: povu nusu, sasa ile hewa nyingine inakwenda wapi?

Aliacha kazi iliyoletwa, akapanga majagi sita. La kwanza aliweka maji yake safi na tindikali tu. La pili akaongeza chumvi ya mezani, la tatu chokaa, la nne chumvi ya haluli, ile ya kuharishia. La tano akayachanganya yote hayo pamoja. Katika la sita akatia punje za chumvi ya salfa, chache mno, kiasi cha kuokota kwa ncha ya kisu. Akazichovya bolti, akatazama povu. Matano ya kwanza yalichemka kwa fujo. La sita povu lilipungua mbele ya macho yake, kama mtu amepunguza moto. Chumvi ile ilikuwa inawazuia makapera kuoana, na makapera walikuwa wanaingia ndani ya chuma.

Alizipaka, akazioka saa nne kamili kwa saa yake mwenyewe, akazifunga kwenye fremu asubuhi. Alasiri, saa ya tisa tangu zifungwe, bolti ya jagi la sita ilikatika. Mlio wake haukuwa mkubwa, tak, na uzito ukaanguka kwenye sanduku la mchanga. Zile nyingine tano zilishika siku zote nane. Kitinda hakuzingoja siku nane. Aliposikia ule mlio alivua koti, akaiokota bolti ikiwa na mchanga, akatoka.

Alimkuta dada yake uani, ameinama kwenye beseni, anakamua shuka.

"Karibu," Mama Tindikali alisema bila kuinuka. "Leo huna mizigo? Kuna nini, mmefunga mapema?"

"Dada, nimekuja kukwambia kitu."

"Shika ncha ile kwanza. Peke yangu haikamuliki."

Kitinda alishika ncha ya shuka. Wakasokota, mmoja kulia na mwingine kushoto, maji yakatiririka miguuni mwao, na ndipo akasema. Alisema jagi la sita, akasema chumvi, akasema tanuri halikuwa na kosa, kwa sababu chuma kilikuwa kimekunywa haidrojeni nyingi kuliko ambayo saa nne zingeweza kuitoa. Akaitoa bolti mfukoni.

Mama Tindikali aliifuta mchanga kwa aproni, akaisogeza karibu na jicho. "Ilishika saa ngapi?"

"Tisa."

"Mm. Mimi nilidhani ingefika hata siku mbili." Akairudisha. "Kwa hiyo ni ile harufu."

"Ni ile harufu. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

"Nilijua yalikuwa mabaya. Kwa nini mabaya, hiyo ndiyo niliyokusomeshea."

Kitinda alitaka shuka liwe refu zaidi ili asimwone usoni. "Ile chupa yako sikuipima. Niliimwaga."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Siku ya kikao uliangalia meza. Tangu mdogo ukivunja kikombe huwa unaangalia meza." Akalikunja shuka, akaliweka kwenye kapu. "Ngoja."

Aliingia ndani. Kitinda alisikia sanduku linaburutwa kutoka uvunguni mwa kitanda. Dada alirudi na chupa ya kahawia, pacha wa ile ya kwanza, imejaa mpaka shingoni, nta haijaguswa. Hii ilikuwa na lebo. Wino wa buluu, herufi za mviringo alizozijua Kitinda kwa sababu alizifundisha yeye: Maji ya kisima kipya, ya tangi la tatu. Tarehe ilikuwa ya siku ileile buti zilipochafua sakafu. Chini yake: Yamechotwa na Mama Mkubwa.

"Uliniambia siku nyingi kwamba isiyo na lebo ni takataka," Mama Tindikali alisema. "Nilipofika nyumbani nikakumbuka ile niliyokupa haina. Hii ilikuwa ya pili, maana mimi kuchota mara moja siamini. Nikamwomba mwanao aniandikie. Nilikuwa nikuletee, nikaona nikikuletea ya pili utasema nakufundisha kazi. Nikasubiri jaribio. Ile Jumatatu ukaja ukasema limefaulu."

Kitinda alikuwa bado anayasoma maandishi. Binti yake alikuwa ameketi naye mezani miezi kumi na minne, akisema Mama Mkubwa anakusalimia, na muda wote huo alijua. "Kwa nini hukuitoa kikaoni?" aliuliza, na sauti ikamponyoka. "Ulikuwa na ushahidi. Ungeutoa tu."

"Ningeutoa, wangemfukuza nani?"

Kitinda aliirudisha bolti mfukoni.

"Kiti cha kupotea siku ile kilikuwa kimoja. Changu au chako. Mimi cha kwangu nilikuwa tayari kukitoa, Kitinda, nilishatoa vingine kabla ya hicho. Lakini nilitaka uniombe. Au useme hata neno moja, halafu mimi mwenyewe nikukatize, niseme hapana, kosa langu. Ndiyo maana nilikutazama."

"Na mimi nikaitazama meza."

"Ukaitazama meza."

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga. Kitinda alilia pale, amesimama kwenye maji ya sabuni, na dada yake hakumnyamazisha wala hakumkumbatia. Alimwacha alie, akaendelea kufua. Alipoona inatosha alisema, "Chupa chukua. Upime, umwage, ni juu yako. Mimi nimechoka kuilalia."

Aliipima. Safari hii alitumia maji ya chupa, yote, hakubakiza tone. Bolti ilikatika saa ya saba. Akaandika ripoti ya kurasa mbili, na mwisho wake, mahali pa maelezo ya mpimaji, akaandika sentensi moja ya ziada, akaipeleka kwa Meneja.

Meneja aliisoma amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. "Mpaka hapa sawa," alisema, akiweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hii ondoa. Ripoti ya maabara haina dada."

"Hii ina."

"Unajua ukiiacha nitalazimika kufanya nini?"

"Najua. Muhuri huu hapa." Akauweka mezani. Safari hii alimtazama usoni.

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Alituma barua kwa mwenye ghala na kwa mpagazi kusema kosa lilikuwa la karakana. Akabandika tangazo ukutani, pale pale palipokuwa na chaki, kwamba Mama Tindikali hakukosea na kazi yake inamngoja. Kitinda akavuliwa muhuri, akapelekwa chini kuchovya bolti. Stoo walimpa buti zilizokuwepo, zile zilizoachwa chini ya ngazi. Zilimpwaya, akajaza magazeti vidoleni.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake pamoja na binti, nakala ya ripoti ikiwa ndani ya bahasha. Akampa habari ya tangazo. Mama Tindikali alishukuru, akasema hatarudi. Mikono imeshazoea sabuni, alisema, na magoti yake hayataki tena ngazi. Kitinda alikuwa amejiandaa kwa furaha au kwa hasira, hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alitaka kurudisha kitu, na mwenye kitu hakihitaji tena.

"Hiyo karatasi inasemaje?" Mama Tindikali aliuliza.

"Ni vipimo vingi tu, Dada."

"Nisomee ya mwisho. Mwanao kaniambia kuna ya mwisho."

Kitinda alifungua ukurasa wa pili, akasoma: "Dada yangu alinionya, nami sikumsikiliza."

"Rudia."

Alirudia. Mama Tindikali alikausha mkono wa kushoto kwenye aproni, akauinua, akamwambia asome tena polepole. Kila neno likitoka alikunja kidole, kimoja baada ya kingine, vidole vyenye mabaka ya rangi ya chai. Dada. Yangu. Alinionya. Nami. Sikumsikiliza. Vidole vikaisha, mkono ukawa ngumi.

"Kumbe ni fupi hivi," alisema.

"Ni fupi hivyo, Dada."

"Mimi miezi yote hii nilidhani ni ndefu. Nilidhani ndiyo sababu hukuisema." Akafungua mkono, akaurudisha kwenye beseni. "Haya, anikeni hizo shuka, jua linaondoka."

Binti alishika ncha moja, Kitinda akashika nyingine, wakaenda kuzianika.